Wao Hukata Ganda Lifuate Bunduki, Sisi Tulikata Bomba Lifuate Ganda

Wiki hii watu watatu wamenitumia video ileile. Mzee mmoja wa Marekani amesimama kwa gereji yake, mbele ya mashine ndogo ya mkono yenye mpini mrefu. Anachukua ganda la risasi la kawaida, analipaka mafuta kidogo, analiingiza kwa kifaa, anavuta mpini, na ganda linatoka na shingo nyembamba kuliko lile lililoingia. Analiinua juu ya taa akitabasamu kama mtu ametoa mandazi yake ya kwanza. Wote watatu wameniuliza kitu kimoja: huyu jamaa anafanya nini, na je, Kenya inakubali?

Nianze na hiyo ya pili kwa sababu ni fupi. Haikubali. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti hata kukaa na risasi moja kwa droo, sembuse kuziunda kwa garage ya nyumbani. Kwa hivyo kama ulikuwa unatafuta fundi wa kukufunzia, umekosea mlango. Mimi ni mtu wa historia, na hapa Loresho chuma kikali nilicho nacho ni kisu cha kukata sukuma wiki.

Lile swali la kwanza ndilo limeniweka macho siku mbili. Kwa sababu ukielewa yule mzee anafanya nini na lile ganda, utaelewa kitu kuhusu historia ya hii sehemu yetu ya dunia ambacho vitabu vya shule vilirukia. Sisi hufunzwa habari za bunduki. Nani alikuja na bunduki, nani hakuwa nazo, nani alizinyang'anya. Lakini kwa miaka zaidi ya 130, wale waliotaka kututawala hawakuhangaika sana na bunduki zenyewe. Walihangaika na ganda.

Ngoja nieleze kidogo, halafu tusonge.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna kichwa, kile kinachoruka. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki, kile kidude kidogo cha nyuma kinachogongwa na kuwasha baruti. Halafu kuna ganda, linaloshika vyote vitatu pamoja. Watu wa pwani zamani walikiita kitu kizima "kiasi", neno lilelile la kipimo, na ukifikiria wako sawa kabisa. Kabla ya hapo mtu wa gobori alimimina baruti kwa mdomo wa bunduki akikadiria kwa macho. Ganda lilileta kipimo kilichopimwa tayari kiwandani.

Ganda zuri ni la shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30. Sababu si urembo. Moto ukiwaka ndani, shaba hii inatanuka, inajibandika kwa kuta za chumba cha bunduki na kuziba moshi usirudi usoni kwa mpigaji. Sekunde hiyohiyo inanywea kidogo, ndio uweze kulivuta nje. Chuma cha kawaida hakina adabu hiyo. Na kwa sababu shaba ni tiifu, unaweza kuibana ikiwa baridi ikachukua umbo jipya. Shida yake ni kwamba kila ukiibana inazidi kuwa ngumu, mpaka siku shingo inapasuka. Ndio maana mafundi huipasha shingo moto kwanza ilainike.

Yule mzee basi anachukua ganda ambalo kiwanda kinatoa kwa mamilioni, anaunda ganda ambalo hakuna kiwanda kinauza. Akilipiga mara ya kwanza kwa bunduki yake, lile linatanuka na kumalizia umbo lenyewe. Wamarekani huita risasi za aina hii paka-mwitu. Nyingine zilizaliwa hivyo kwa gereji, zikakaa miaka mingi bila cheti cha kuzaliwa, halafu kampuni ikazichukua na kuzipa jina rasmi. Ile ya .22-250 ilichukuliwa na Remington mwaka 1965, na .25-06 ikafuata 1969.

Kuna kitu kimoja cha paka-mwitu kinanifurahisha sana. Ukigeuza ganda, ile chapa iliyopigwa kitakoni haibadiliki. Kitako kinaendelea kusema jina la zamani wakati mwili umekuwa kitu kingine. Vijana wa Nairobi tulijifunza kuangalia vitako Juni 2024, maganda yalipokuwa yakiokotwa barabarani na kupigwa picha, kila mtu akiuliza ni za nani na zimetoka wapi. Kumbuka pia Kenya ina kiwanda chake cha risasi Eldoret tangu miaka ya 1990. Kitako kinaweza kuwa ushahidi. Kinaweza pia kudanganya.

Haya, turudi nyuma. Na tuanze na matajiri, kwa sababu wao ndio waliacha karatasi nyingi.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, akiwa ametoka Ikulu ya Marekani mwezi mmoja tu kabla, alishuka meli Mombasa na kupanda reli kuja huku juu. Kati ya mizigo yake kulikuwa na bunduki ya mitutu miwili kutoka kwa Holland & Holland wa London, zawadi ya Waingereza waliompenda. Risasi yake iliitwa .500/450. Hebu soma hizo nambari polepole, zinajieleza. Ni ganda kubwa la .500 lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba cha .450. Ile kazi ya mzee wa gereji, ila hii ilifanywa kiwandani na kuvalishwa tai. Kwa hesabu yake mwenyewe, Roosevelt na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512 katika safari ile.

Sasa shikilia hiyo .450, kwa sababu miaka miwili kabla ya safari hiyo, mwaka 1907, serikali ya Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku India na Sudan. Si kwa kuonea tembo huruma. Huko kulikuwa na bunduki nyingi za zamani za jeshi, Martini-Henry, zilizobaki mikononi mwa watu, na zilitumia kichwa cha .450. Wakubwa waliogopa kwamba risasi za wawindaji zingeishia kwa waasi. Bunduki walishashindwa kuzikusanya. Basi wakaamua kuzinyima chakula.

Mafundi wa London walifanya nini? Walibadilisha ganda. Holland wakachukua .500 yao wakaibana mpaka .465. Wengine wakaja na .470, .475, .476, zote zikiwa za kukwepa nambari moja iliyokatazwa. Na hizo ndizo zilizokuja kuwa bunduki za tembo huku kwetu, kwa mikono ya wale wawindaji waliounda chama chao pale Norfolk Hotel mwaka 1934. Ukiona picha ya zamani ya mzungu na kofia amesimama juu ya ndovu Tsavo akiwa na .470, ujue umbo la risasi ile liliamuliwa na mtu ofisini aliyekuwa anaogopa Wahindi. Historia ina mambo bana.

Baada ya hapo stori ya wawindaji inaisha haraka. Mwaka 1956 Winchester walitoa .458 yao, ambayo ukiichungulia ni ganda la .375 la Holland lililofupishwa na kunyooshwa. Jamaa mmoja anaitwa Jack Lott aliumizwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akarudi kwao akiamini .458 haina nguvu ya kutosha, na baadaye akaunda paka-mwitu wake mrefu zaidi, .458 Lott. Kwa miaka ya 1960 Kynoch wa Uingereza wakaacha kutengeneza zile risasi kubwa za zamani, na bunduki za bei ya nyumba zikabaki mayatima, wenyewe wakihangaika kugeuza maganda ya aina nyingine ili ziseme tena. Halafu 19 Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Mchezo ukaisha.

Hiyo ndiyo historia inayosimuliwa kwa hoteli zenye vichwa vya nyati ukutani. Mimi haininyimi usingizi. Inayoninyima ni hii nyingine.

Tarehe 2 Julai 1890, nchi kubwa zilitia sahihi mkataba Brussels. Unakumbukwa kama mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli. Lakini ndani yake kuna vifungu vya silaha, vikihusu eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Yaani sisi sote. Bunduki yoyote ikiingia inawekwa kwa ghala la serikali. Kitu ambacho mfanyabiashara angeruhusiwa kutoa na kuuza ni gobori la jiwe lisilo na mikato ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Zile zinazopakiwa kwa nyuma, zile za ganda, zilikuwa za serikali na watu wake.

Soma hiyo tena. Hawakusema Mwafrika asiwe na bunduki. Walisema asiwe na ganda. Gobori lake aweke, kwa sababu gobori unapakia mara moja huku mwenzako ameshapiga mara kumi.

Hata barabara yetu ina hii stori. Mwaka uleule wa 1890, mwezi wa Oktoba, Lugard alijenga ngome Dagoretti na kufanya mapatano na Waiyaki wa Hinga. Mapatano yakaharibika, ngome ikahamwa na kuchomwa, na mwaka 1891 wakajenga nyingine pale Kabete, Fort Smith. Kutoka Loresho si mbali hata kidogo. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa ndani ya ngome hiyo, akapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Leo tunakaa kwa foleni ya Waiyaki Way tukipiga honi. Watu wake walikuwa wamewashinda wenye ngome ya kwanza. Kitu ambacho hawangeweza kukitoa kwa shamba wala kwa tanuri la mhunzi, na wahunzi walikuwepo wazuri sana, ni sanduku la risasi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Mhunzi wa Kikuyu, au wa Ukambani, au wa Unyamwezi, angeweza kufua mkuki, panga, jembe, hata kukarabati gobori. Ganda lilimshinda, na si kwa sababu ya akili. Kulitengeneza kunataka bamba la shaba safi livutwe hatua kwa hatua mpaka liwe kikombe kirefu chenye ukuta mwembamba juu na kitako kinene chini, na makosa yawe madogo kuliko unywele. Halafu kemia ya fataki. Hiyo ni kazi ya kiwanda kizima na reli na benki nyuma yake. Waingereza walijua hivyo. Ukishika ganda, umeshika kila bunduki inayolila.

Ruka sasa mpaka 1952. Hali ya hatari inatangazwa 20 Oktoba. Wapiganaji wanaingia Nyandarua na Mlima Kenya wakiwa na mapanga na bunduki chache sana. Wakaanza kuunda zao. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Kitasa cha kufungia nyuma kilikuwa komeo la mlango. Nguvu ya kugonga fataki ilitoka kwa springi au kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyovutwa vikakazwa. Kitako kilichongwa kwa mbao, na vingine vilichongwa vizuri sana, kwa sababu ukiwa mbali adui hajui ni bomba la maji umeshika.

Linganisha na yule mzee wa video. Yeye ana bunduki nzuri na anakata ganda lifuate bunduki. Fundi wa msituni alikuwa na ganda, labda la .303 lililoibwa kwa polisi au kununuliwa kwa askari mwenye njaa ya pesa, labda la shotgun ya mlowezi. Akaenda kutafuta bomba la kulitosha. Bunduki ndiyo iliyokatwa kufuata ganda. Risasi ya Birmingham, bomba la karai la nyumba ya mzungu, komeo la duka la Mhindi. Ikiwa Wamarekani wana paka-mwitu wao, hii ilikuwa kitu gani sijui, lakini ilikuwa porini kwelikweli.

Na ilikuwa hatari kwa mwenyewe. Bomba la maji halikuundwa kubeba nguvu hiyo. Zingine zilipasuka mikononi. Kama kifaa hakishiki kitako cha ganda sawasawa, moto unarudi nyuma, machoni. Mtu alijua hivyo na bado alivuta.

Ndio maana Machi 26, 1953, walipovamia kituo cha polisi Naivasha, walichotaka zaidi ya kufungua mahabusu ni ghala. Waliondoka na gari limejaa silaha na risasi. Serikali ikajibu kwa sheria, na sheria ile inaonyesha hasa walichokuwa wanaogopa. Kupatikana na silaha au risasi kukawa kosa la kunyongwa. Haikulazimu uwe umepiga mtu. Haikulazimu hata uwe na bunduki. Ganda lenye baruti na fataki mfukoni lilitosha kukufikisha kwa kamba.

Mwanahistoria David Anderson alipekua rekodi za kesi hizo na kuhesabu watu 1,090 walionyongwa wakati ule. Wengi hawakuhukumiwa kwa kuua. Waruhiu Itote, Jenerali China, alipokamatwa Januari 1954, mojawapo ya mashtaka yake lilikuwa kupatikana na risasi. Alihukumiwa kifo na kuponea kwa sababu serikali ilimhitaji kwa mazungumzo. Dedan Kimathi mwenyewe, mtu waliyemwita hatari kuliko wote, hakushtakiwa kwa vita. Nyeri, Novemba 1956, alisomewa mashtaka ya kumiliki bastola na risasi bila kibali. Kosa la makaratasi, ukitaka kuliita hivyo. Alinyongwa Kamiti 18 Februari 1957.

Na si Wakenya pekee waliotembea njia hiyo ya bomba. Karamoja, ng'ambo ya Turkana, watu waliunda bunduki za mabomba walizoziita amatida, miaka ya mwanzo ya 1970, kwa sababu zilezile: majirani wana silaha, wewe una chuma na hasira. Halafu 1979 Amin akaanguka, ghala la kambi ya Moroto likavunjwa, na bunduki za kiwanda zikamwagika pamoja na masanduku ya risasi zake. Amatida zikatupwa. Shida ya ganda ilikuwa imejitatua, na mpaka leo kaskazini tunazika watu.

Nimeiacha stori moja mpaka hapa makusudi, ingawa ni ya zamani zaidi, kwa sababu ndiyo pekee ninayoijua ambapo risasi ziliundwa upya kwa mikono huku kwetu, kwa wingi, miezi na miezi. Ilifanyika Moshi, mwaka 1915.

Vita vya kwanza vya dunia. Wajerumani wako Tanganyika na jenerali wao Paul von Lettow-Vorbeck, ingawa wakati huo alikuwa na cheo cha chini kidogo. Waingereza wako huku Kenya na wamefunga bahari. Askari wengi wa Kijerumani, yaani Waafrika wenzetu, walikuwa na bunduki ya mwaka 1871 ya baruti nyeusi; ukipiga mara moja wingu la moshi linakutaja jina. Novemba 1914 waliwapiga Waingereza Tanga na kuokota bunduki 455 na zaidi ya nusu milioni ya risasi. Raha, lakini raha yenye kipimo. Risasi ya Kiingereza haiingii bunduki ya Kijerumani. Ukiokota chakula cha mtu lazima uokote na mdomo wake.

Basi Berlin ikatuma meli. Iliitwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyokuwa imeshikwa Hamburg vita vilipoanza, ikapakwa rangi na kupewa jina la Kidenmaki, Kronborg. Nahodha wake Carl Christiansen aliizungusha mpaka Bahari Hindi ikiwa na makaa ya mawe, bunduki mpya zipatazo 1,800 na mamilioni ya risasi. Katikati ya Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaiona karibu na Tanga na kuifukuza. Christiansen aliiendesha ndani ya ghuba ya Manza akaizamisha kwa maji mafupi, na kuacha moto uwake juu ya sitaha. Waingereza wakaona moshi, wakapiga mizinga yao, wakaenda zao wakijua kazi imeisha.

Haikuwa imeisha. Chini ya maji mzigo ulikuwa mzima. Wapiga mbizi wakautoa, wapagazi wakaubeba. Lakini risasi zilikuwa zimelala baharini. Chumvi ilikuwa imeingia kwa ganda, baruti imelowa, fataki zinaoza, na kila wiki zilizokataa kuwaka ziliongezeka.

Sasa fanya hesabu. Una mamilioni ya risasi, hakuna kiwanda, hakuna meli nyingine karibu. Wakazipeleka Moshi mpya, pale reli ya Usambara ilipokomea, na uamuzi ukawa kufungua moja baada ya nyingine. Vuta kichwa. Mwaga baruti, isafishe, ianike ikauke. Kagua ganda. Fataki iliyooza itoe, weka nyingine; kwa bahati zilikuwepo zingine nchini, za aina tofauti. Rudisha baruti. Rudisha kichwa. Chukua nyingine. Lettow-Vorbeck ameandika kwa kumbukumbu zake kwamba kazi hiyo ilichukua miezi, asubuhi mpaka jioni, kwa mikono ya askari, wanawake na vijana, yeyote aliyepatikana.

Kipimo chao cha ubora kinaniuma. Risasi zile nzuri ambazo maji hayakuziharibu ziliwekewa bombomu. Zile zilizofunguliwa na kufungwa upya, fungu ambalo 20 kati ya 100 zinakataa lilihesabiwa kuwa la vita. Lililokuwa baya kuliko hilo lilikwenda mazoezini. Kwa hivyo askari alienda kupigana akijua kwamba kila akivuta mara tano, mara moja bunduki itanyamaza. Na mama aliyekuwa amekaa Moshi akijaza ganda lile, labda mume wake ndiye angevuta.

Huo ndio ufundi wa yule mzee wa video, kwa kiwango ambacho hajawahi kuota. Yeye ana mizani ya elektroniki na kahawa. Hawa walikuwa na anga la Kilimanjaro la kuanikia na mtu wa kuwasimamia. Na ujue baruti si unga wa ugali.

Halafu vita vikaendelea. Meli nyingine, Marie, ilipenya Machi 1916 ikashusha mzigo Sudi, kusini. Baada ya hapo hakuna kilichokuja. Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma, akawavamia Wareno Ngomano, na askari wake wakabadilisha bunduki palepale: ya Kijerumani isiyo na chakula wakaiacha, ya Kireno na risasi zake wakachukua. Kila waliposhinda walibadilika. Walipojisalimisha Abercorn, Zambia ya leo, 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya, walikabidhi bunduki 1,071. Zote za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Kijerumani lisilo na bunduki hata moja ya Kijerumani ya kukabidhi, kwa sababu kwa miaka minne ganda ndilo lilikuwa likiamua askari ashike nini.

Wale wapagazi wa upande wa pili, walioshika masanduku ya risasi za Mwingereza kichwani, angalau Nairobi iliwaachia jina. Ukishuka Kariokor kula nyama, unatamka Carrier Corps. Hawakulipwa sawasawa, lakini jina lipo kwa mdomo wa kila makanga.

Upande wa Kijerumani ilichukua muda. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walifika Mwanza, wengine na mabaki ya sare, wachache sana na cheti. Mtu wa benki hakujua amwamini nani. Basi akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, bega, chini, tayari. Wanasema hakuna mzee hata mmoja aliyekosea.

Ni stori tamu na watu huilia machozi. Lakini malipo yalikuwa ya aliyejua kushika ufagio kama bunduki. Hakukuwa na amri ya Kijerumani ya kumpima mwanamke aliyekaa Moshi miezi akifungua na kufunga maganda, na kumbukumbu za jenerali, zenye majina ya kila luteni, hazina jina la hata mmoja wao. Kama unatoka Moshi, au Machame, au Marangu, na kwenu kuna stori ya bibi wa bibi yako kuitwa kufanya kazi na "kiasi" wakati wa Mjerumani, niandikie. Hata kama ni sentensi moja tu. Nitaipokea hivyo hivyo ilivyo.